Uzito wa Mguu wa Kushoto

Mume wangu alipostaafu, wenzake ofisini walimuaga kwa pilau, hotuba tatu na begi la fimbo za gofu. Pilau nililielewa. Hotuba nilizielewa. Begi ndilo lililonishinda. Lilikuwa la bosi wake, ambaye alikuwa amejinunulia jingine, na nadhani alikumbuka kwamba mume wangu aliwahi kusema, siku moja wakati wa chai, kuwa anapenda kuangalia gofu kwenye televisheni. Mtu unatamka neno moja wakati wa chai, miaka inapita, unaletewa fimbo kumi na moja nyumbani kwako Bunju.

Mie wakati huo nilikuwa nyumbani na mguu. Ndivyo tulivyokuwa tunawaambia watu waliopiga simu: mama yupo, yupo na mguu wake. Miezi kadhaa kabla, bodaboda niliyopanda kutoka shuleni kwangu, upande wa Wazo, iliteleza kwenye mchanga uliomwagwa na lori pembeni mwa barabara. Tukaenda chini sote, na pikipiki ikanilalia mguu wa kushoto. Dereva aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Mie muundi ulivunjika mahali pawili. Niliwekewa chuma ndani, nikatembea na magongo mawili, halafu moja, halafu mkongojo. Daktari akanionyesha picha na kuniambia mfupa umeunga vizuri kabisa. Yule kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali akaniambia niachane na mkongojo, nikamwahidi. Nilikuwa nauacha kwa mlinzi wa getini nikiingia, nauchukua tena nikitoka.

Sikuwa mtu wa kuogopa. Nimekulia Mbeya, nimepanda milima na mzigo wa kuni kichwani, nimecheza netiboli mpaka mtoto wa pili, nimefundisha darasa la tatu lenye watoto tisini. Lakini ule mguu sikuuamini tena. Nikiuweka chini niliuweka kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole.

Basi nilikaa barazani, mguu juu ya stuli, nikimtazama mzee wangu akijifunza gofu. Alitundika chandarua cha zamani kwenye kamba ya nguo, akatandika zulia la mlangoni, akaweka mpira juu yake na kuupiga uingie kwenye chandarua. Hiyo ndiyo ilikuwa nia. Mara nyingi fimbo ilipiga zulia, zulia likaruka, mpira ukabaki pale pale ukimtazama. Siku moja mpira ulipita juu ya chandarua, juu ya ukuta, ukagonga tangi la maji la jirani kwa mlio kama kengele ya shule. Jirani alitokeza kichwa, wakasalimiana kwa heshima zote, na kuanzia hapo mume wangu akawa anapiga akielekea upande wa kiwanja kitupu.

Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nilianza kuona kosa lake. Kila alipopiga alikuwa anaangukia nyuma. Fimbo inakwenda mbele, yeye anarudi kwenye mguu wa kulia, tumbo juu, kama mtu aliyesukumwa na mbuzi. Nikamwambia. Akajibu kwamba gofu haiwezi kufundishwa na mtu aliyeweka mguu kwenye stuli. Nikamwambia tena kesho yake. Wiki ya tatu akakubali kutafuta mwalimu, nadhani ili tu ninyamaze.

Mwalimu alikuwa binti wa kama miaka thelathini, mwembamba, mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Kwao ni Mtwara, lakini alikulia Mwenge, ambako baba yake alikuwa akichonga vinyago. Alianza gofu kwa kubeba mabegi ya wachezaji uwanjani, akajifunza kwa kutazama, na sasa alikuwa anafundisha wengine. Alifika Jumamosi asubuhi, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akaniuliza habari za mguu kabla hata ya kuuliza mzee yuko wapi. Hapo hapo nikampenda.

Alimtazama mume wangu akipiga mipira mitano. Hakucheka, na hilo lilihitaji nguvu. Halafu akamweleza kwa upole kwamba mzee anajaribu kuunyanyua mpira kwa mwili wake, ndiyo maana anabaki nyuma. Uso wa fimbo umelala kidogo, akasema, na huo ulalo ndio unaounyanyua mpira. Kazi ya mchezaji ni kuhama. Fimbo inapokwenda nyuma, uzito unaingia kwenye mguu wa kulia, upande wa ndani wa unyayo. Kabla mikono haijaanza kushuka, nyonga inaanza safari ya kushoto. Mpira unapoondoka, uzito umeshahamia mguu wa mbele, na mwisho wa yote mtu amesimama juu ya mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kiko hewani, kidole gumba kinagusa tu majani.

Mume wangu akanitazama barazani. Nilikunywa chai.

Somo lilipokwisha, mwalimu alikuja kukaa nami. Wakati nasimama kumpa kiti, aliniangalia miguuni, akaniomba radhi, halafu akaniuliza kama anaweza kuona viatu vyangu. Nikavua nikampa. Cha kulia kilikuwa kimelika kisigino mpaka kimepinda. Cha kushoto kilikuwa kama kimetoka dukani jana. Vilikuwa jozi moja, nimevinunua siku moja, nimevivaa pamoja kila siku.

Akanieleza kwamba utotoni kazi yake ilikuwa kukisimamisha sakafuni kila kinyago baba yake alichomaliza, ili kuona kama kinayumba. Kikiyumba, kinarudishwa kupigwa msasa chini mpaka kitulie. Tangu hapo hawezi kumwona mtu bila kumtazama miguu.

"Mama," aliniuliza, "huo mguu unauma wapi?"

"Siku hizi hauumi."

"Sasa mbona huukanyagi?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kiutu uzima. Mie ni mwalimu, nina majibu ya kila aina. Nikamwambia naukanyaga, mbona nimesimama hapa mbele yako.

Akauliza kama tuna mizani ya kupimia uzito. Tulikuwa nayo, ile ya kupanda na kusoma kilo, ipo bafuni na hakuna aliyeipenda. Akaomba ya pili. Mume wangu akaenda kuazima kwa jirani yule yule wa tangi. Mwalimu akaziweka mbili sakafuni, sambamba, akanipandisha, mguu mmoja huku, mwingine kule, akaniambia nisimame sawasawa kabisa. Nikasimama sawasawa. Niliapa moyoni kwamba niko sawasawa. Mume wangu akainama kusoma: kulia arobaini na tisa, kushoto ishirini na tatu.

Nikasema mizani ya jirani ni mbovu. Wakazibadilisha nafasi. Ikawa vile vile.

Sikulala mchana ule kama nilivyozoea. Nilibaki barazani nikifikiria kwamba mwili wangu ulikuwa umenidanganya, na kwa muda mrefu, na kwa utulivu mkubwa. Nilikuwa nahisi nimesimama wima kumbe nimeegama upande mmoja kama mlango uliolegea bawaba. Nilipojaribu peke yangu baadaye, mizani zikiwa bado pale, ilinibidi nijihisi naanguka kushoto kabisa, nijihisi naelekea sakafuni, ndipo zile namba mbili zikalingana. Nilishikilia ukuta.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alinipa fimbo namba saba, akasema nitajaribu kidogo tu. Mume wangu akaketi barazani, kwenye kiti changu, akaweka na mguu juu ya stuli. Nikamwona, nikampuuza.

Zoezi lilikuwa rahisi kwa maneno. Unaanza miguu imebanana. Unapeleka fimbo nyuma, na ikiwa bado inakwenda, unachukua hatua ya kushoto, kama mtu anayevuka mtaro, unakanyaga, halafu ndipo unapiga. Mwalimu alinionyesha na ilikuwa nzuri kutazama. Alionekana kama anatembea tu na fimbo ikaamua kumfuata. Nami nikapeleka fimbo nyuma, nikachukua hatua, na mguu wa kushoto ulipogusa chini nikaunyanyua tena hapo hapo, bila kufikiri. Fimbo ilikuwa tayari njiani. Ikanizungusha, nikakaa kitako kwenye majani.

Hakuna aliyeumia. Mume wangu alifika kwanza, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwalimu alichuchumaa mbele yangu, akauliza kama nimepata maumivu, nikasema sina, akauliza kama nataka kujaribu tena, nikasema sitaki. Nikaingia ndani. Nilisema najisikia joto.

Wiki nzima sikugusa fimbo. Mume wangu aliendelea na mazoezi yake, na hakuniambia lolote. Ni mtu wa kunyamaza vizuri, hilo namsifu. Jambo moja tu alifanya: aliuondoa mkongojo wangu nyuma ya mlango na kuuweka juu ya kabati, mahali ambapo nikitaka kuufikia lazima nimwombe. Sikumwomba. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba nikishika kiti, meza, friji, fremu ya mlango.

Ijumaa maji yalitoka bombani baada ya siku nne, nami nikafua mashuka yote. Nilifua uani, nimekaa kwenye kigoda, beseni kubwa mbele yangu. Nilipomaliza kusuuza, nikasimama, nikalishika lile beseni kwa mikono miwili, nikalipeleka upande wa kulia na kuyarusha maji kuelekea kwenye migomba iliyo karibu na ukuta. Yalikwenda mbali, yakasambaa kama kitambaa. Nikabaki nimesimama nikiyatazama yakizama kwenye mchanga.

Mume wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kikombe.

"Usisogee," akasema, polepole kabisa, kama mtu aliyemwona ndege. "Mama watoto, angalia miguu yako."

Nikaangalia. Nilikuwa nimesimama juu ya mguu wa kushoto. Wote, mzigo wangu mzima. Kisigino cha kulia kilikuwa hewani, kidole gumba kinagusa ardhi tu, na kandambili ya kulia ilikuwa imening'inia. Mguu wa kushoto haukutetemeka. Ulikuwa umetulia pale kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

Nililia kidogo, sitaficha. Halafu nikamwambia ajaze beseni. Tulirusha maji mara sita au saba, maji tuliyoyasubiri siku nne, mpaka ile migomba ikawa imesimama kwenye bwawa. Mara mbili za kati niliharibu kwa sababu nilikuwa nafikiri sana. Nikiufikiria mguu, uzito unabaki kulia. Nikiifikiria migomba, uzito unakwenda wenyewe. Mume wangu naye akajaribu, akarusha, akaangukia nyuma na kujimwagia maji kifuani.

Mwalimu tulipomsimulia alifurahi, akasema hilo atalichukua awafundishie wengine. Kuanzia Jumamosi hiyo sikurusha maji tena. Niliambiwa nichague kitu cha mbele na nitupie macho yangu hapo. Nilichagua nguzo ya umeme kwenye kiwanja kitupu. Mpira wangu wa kwanza uliopigwa sawasawa haukwenda mbali, hatua sitini hivi, lakini ulitoa mlio tofauti na yote niliyoisikia pale uani, mlio mfupi na msafi, na mikononi sikuhisi kitu. Nilibaki nimesimama kwenye mguu wa kushoto mpaka mpira ulipotua. Hiyo ilikuwa amri ya mwalimu kwetu sote: ukishapiga, baki hapo hapo, usishuke mpaka mpira utulie. Ukiweza kubaki, ulihama vizuri. Ukilazimika kurudi nyuma, hukuhama.

Mume wangu hakuweza kubaki. Aliteseka nayo kwa miezi. Tukaanza kushindana, mwanzo kwa utani, halafu si kwa utani sana. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa kuwa nilikuwa nimesharudi darasani, tulipiga mipira kumi kumi, na anayebaki amesimama mara nyingi zaidi haoshi vyombo vya chai. Nilikaa muda mrefu bila kuosha vyombo. Majirani walizoea kutuona, watu wazima wawili wamesimama kwa mguu mmoja uani saa kumi na mbili na nusu, wakitazama kiwanja kitupu.

Mwishowe mwalimu akasema tumefika mahali pa kucheza uwanjani. Alituombea nafasi siku ambayo wachezaji ni wachache, mashimo tisa tu. Tulitoka Bunju mapema, tukateremka barabara ya Bagamoyo malori ya saruji yakiwa bado machache. Nilivaa suruali kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mume wangu alivaa kofia mpya na kuuliza mara tatu kama imekaa vizuri.

Uwanja ulinitisha kwa ukubwa wake. Uani kwetu kila kitu ni tambarare, kuna zulia, kuna nguzo. Huku ardhi inapanda na kushuka, majani yanatofautiana, na ngedere wamekaa pembeni wakikutazama kama wazazi siku ya mahafali. Mashimo ya kwanza nilicheza kwa aibu. Nilipiga mipira iliyobingirika, nilipiga ardhi, nilipiga hewa mara moja na kusema nilikuwa najaribu tu. Mume wangu alikuwa anacheza vizuri kuliko nilivyotegemea, na alikuwa muungwana, ingawa alipiga mluzi kidogo.

Shimo la saba ndilo ninalolikumbuka. Mpira wangu ulisimama kwenye mteremko unaoelekea shimoni. Nilipoenda kusimama mbele yake nikaona mguu wa kushoto uko chini na wa kulia uko juu. Mahali pale hapana namna nyingine ya kusimama. Kabla hata hujapiga, uzito wako wote umeshamiminikia kushoto, na unapopiga unazidi kumiminika. Palikuwa pameloa umande, na mchanga kidogo ulikuwa umetawanyika juu ya majani.

Nilitazama ule mchanga. Nilijua ninachokitazama. Nikarudi hatua moja nyuma.

Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili, akaona. Akaniambia niuokote mpira niuweke pale palipo tambarare, hakuna anayehesabu, sie si wataalamu. Alisema kwa sauti ya chini ili mwalimu asisikie, nami nilimpenda kwa hilo. Mwalimu alisikia, lakini alijifanya anapanga fimbo kwenye begi.

"Nitaupiga ulipo," nilisema.

Mwalimu akaja, akanionyesha mambo mawili tu. Mabega yalale kufuata mteremko. Na nikishapiga, nisishindane na mlima. Mwili ukitaka kuendelea kuteremka, niuache uteremke, nitembee. Akarudi nyuma.

Nilichagua bendera inayoonyesha shimo lilipo. Nikapeleka fimbo nyuma, fupi. Nikahama. Mguu wa kushoto ulipokea kila nilichokuwa nacho, kilo zote sabini na mbili, na chuma chake ndani, na mteremko wote nyuma yangu, na ulipopokea nilihisi paja linakaza na goti linakubali. Mpira uliondoka chini chini, kama jiwe linalorushwa juu ya maji. Mwili ukaendelea, kama nilivyoambiwa, mguu wa kulia ukavuka mbele, nikajikuta natembea kuteremka. Hatua moja, mbili, tano. Sikusimama. Niliteremka mpaka chini na fimbo mkononi, juu ya majani yaliyoloa, bila kushika kitu chochote, na nilipofika chini nilikuwa nacheka peke yangu.

Mpira wenyewe ulipita bendera, ukavuka majani mafupi yote na kutumbukia kwenye shimo la mchanga upande wa pili. Ilinichukua mapigo manne kuutoa mle, na mawili mengine kuumalizia. Mume wangu alimaliza kwa matano. Aliniuliza kama niandikiwe yote, nikamwambia andika yote.

Mwisho alinishinda kwa mapigo kumi na moja, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mwalimu alitushika mikono wote wawili, akamwambia mzee bado anakaa nyuma, na mie akaniambia nijifunze mchanga. Tulikunywa soda kwenye kivuli cha jengo la kubadilishia nguo, mume wangu akisimulia shimo la nne kana kwamba hatukuwepo. Kisha tukarudi Bunju, tukala ugali na dagaa, na kila mmoja akasinzia kwenye kochi lake huku redio inaongea. Jumamosi iliyofuata ilinyesha mvua tangu alfajiri na hatukwenda popote. Mume wangu alisimama dirishani kwa muda mrefu akiitazama, halafu akasogeza meza ya sebuleni pembeni na kutandika lile zulia.